Kishikio cha Chumba cha Ndani

Zilpah Awinja alikuwa amesimama juu ya kitanda cha mkwe wake, miguu mitupu, bisibisi kinywani, akivuta kishikio cha dirisha kilicholegea kama jino la mtoto, na hakuwa na habari kwamba ana mkwe.

Tuanze alikotoka, maana mtu hapandi kitanda cha watu hivi hivi.

Alizaliwa karibu na Isecheno, ambako baba yake alifyeka misitu ya serikali kwa ujira. Akaolewa Lugari, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la Mzungu mmoja wa mahindi. Mumewe, Makhanu, alilima. Yeye aliingizwa nyumba kubwa akapewa kazi ya kung'arisha shaba: vitasa vya milango, bomba za maji na, zaidi ya yote, vishikio vya madirisha. Nyumba ile ilikuwa na madirisha kama shule. Vishikio vyake ni vile vya kuzungusha: ukikisukuma chini, ulimi wake unaing'ata fremu na dirisha linakazwa, ukikiinua linaachia. Zilpah alivisugua mpaka akavijua kimoja kimoja kama mtu anavyojua ng'ombe wake.

Mzungu alipouza shamba akaenda kwao, na ardhi ikakatwa vipande kugawiwa walowezi wapya, nyumba ile haikumaliza msimu. Huyu alibeba mlango, yule bati. Jirani mmoja alichukua karai kubwa la kuogea akanyweshea ndama. Zilpah alikuja na bisibisi imefungwa kwenye pindo la leso, akazunguka chumba kwa chumba, akaondoka na gunia linalogongana ndani.

Makhanu alicheka hadi akakaa chini. "Watu wanaleta bati, wewe unaleta vishikio bila madirisha."

"Madirisha yatakuja," akasema.

Yakaja. Miwa ilipoingia upande wa Mumias na kiwanda kikaanza kufuka moshi, watu waliolelewa kwenye nyumba za udongo wakaanza kupanga foleni kwa mwashi. Pesa ya mavuno ya kwanza ilinunua baiskeli na sherehe. Ya pili ilinunua matofali. Na mwenye matofali hakutaka dirisha la mbao, hata umpe bure. Alitaka la chuma na kioo, lililochomelewa mjini, lenye vipande sita vinavyomulika jua mpaka barabarani. Tatizo ni kwamba wachomeleaji walikuwa na haraka na wateja walikuwa na haraka zaidi, kwa hiyo vishikio vilikatwa kwa chuma laini kama jibini. Mvua ya Kakamega inayonyesha kila alasiri ikaingia kwenye bawaba. Majivu meusi ya miwa inayochomwa yakafuata. Baada ya misimu michache, nyumba nzuri za Musanda na Butere zilikuwa zimefungwa madirisha kwa kamba ya katani na vipande vya mpira wa baiskeli.

Kufikia hapo Makhanu alikuwa amekufa, na mjane wake alikuwa na gunia.

Alitandika soko la Kakamega. Mwanzo aliuza shaba peke yake. Wateja waliporudi wakilalamika kwamba havikai, akaanza kwenda kuviweka mwenyewe, na akagundua kwamba kuweka kulilipa kuliko kuuza. Watu wakazoea kumwita Mama Vyuma. Jina lake la kanisani likabaki kanisani. Katika biashara alikuwa na desturi mbili tu. Hakutaja bei kwanza: ukimuuliza ngapi, alikuuliza nyumba yako ina madirisha mangapi, na jibu lako ndilo lililomwambia una miwa kiasi gani. Na hakuachia mzigo mkononi mwa mteja kabla ya kuelewana. Angeweza kushika kishikio upande huu na mteja akishike upande ule, wazungumze habari za mvua na magonjwa ya kuku mpaka mmoja achoke. Hakuchoka yeye.

Binti yake mmoja, Nanjala, alikulia kwenye biashara hiyo. Mama alikuwa na namna yake ya kutibu kishikio kilicholika. Badala ya kukitupa, alikata kibati cha duara kutoka kwenye kopo la kakao, akakikunja mara mbili, akakata kona moja kama sikio la mbuzi ili ukucha upate pa kushika siku ya kukitoa, akakiweka chini ya kishikio kabla ya kukaza. Skrubu alizisugua sabuni ya kipande ili zisishikwe na kutu. Kishikio kikirudi hapo, kinakaza kama kipya. Fundi mwingine hakufanya hivyo, kwa sababu Zilpah hakumwonyesha fundi mwingine. Nanjala ndiye aliyeshika kopo mama akikata.

Vishikio vilimsomesha Nanjala mpaka kidato cha nne. Akapata kazi ya ukarani katika chama cha ushirika Butere, akamwambia mama amepanga chumba nyuma ya stesheni ya reli pamoja na wasichana wawili wa kazini. Alikuwa akija nyumbani kila mwisho wa mwezi na kilo ya sukari. Halafu ikawa mwezi huu aje, ule asije. Mama alipotaka kwenda kuona hicho chumba, akaambiwa njia ina matope. Zilpah hakutilia shaka. Njia za Butere zina matope kweli.

Basi asubuhi moja utingo wa trekta alipita sokoni na ujumbe kutoka Musanda. Bosi wake, aliyejulikana kote kama Were wa Trekta, anamtaka Mama Vyuma. Nyumba nzima, madirisha yote, na haraka, kwa sababu shamba la miwa linalopakana na nyumba litachomwa wiki hiyo na majivu yataingia mpaka kwenye sufuria. Zilpah alifunga vyombo vyake kwenye kikapu, akavaa raba zake nyeupe za safari, akaenda.

Aliyemfungulia alikuwa dada mkubwa wa Were, jina lake Jescah, mwanamke mnene aliyeachika akarudi kwao, akakaa barazani kama mwenye kituo cha polisi. Alikuwa anapeta maharagwe. Were alikuwa kiwandani kwenye foleni ya mzani, na mke wa Were kazini. Jescah alimtazama mgeni kuanzia raba mpaka kichwani, akauliza fundi mwenyewe yuko wapi.

"Ndiye huyu."

"Wewe mama? Na ukianguka?"

"Nikianguka nitakuangukia wewe, dada, na hapo sitaumia."

Jescah akacheka, na wakaelewana. Zilpah alipita sebuleni, akapita chumba cha wageni, dirisha kwa dirisha. Alifungua, akakwangua kutu kwa tupa, akapaka mafuta ya trekta aliyoyakuta kwenye chupa, akanyoosha mikono ile yenye matundu inayozuia dirisha lisipigwe na upepo, akabadilisha vishikio vilivyokufa. Nyumba ilikuwa nzuri. Aliikadiria kwa jicho la biashara: saruji ya kutosha, dari ya mbao, viti vyenye vitambaa vilivyotariziwa. Huyu Were hakuwa mlevi. Aliyempata alikuwa amepata. Alifikiri hivyo, na akaendelea.

Kikabaki chumba cha ndani. Dirisha lake lilikuwa juu ya kitanda, na Zilpah hakulifikia. Aliomba kiti. Jescah akasema kiti cha jikoni kimevunjika mguu, na vya sebuleni Were hapendi vikanyagwe.

"Panda tu kitanda."

Zilpah akasita. Kuingia chumba cha watu ni kazi, lakini kitanda ni kitanda. Akauliza kama mwenye nyumba hatakasirika.

"Nani, wifi yangu? Yeye mwenyewe hupandanga hapo kulitengeneza. Hilo moja alisema analiweza. Ana mikono ya kiume, yule."

Basi akavua raba, akaziweka sawasawa chini ya ukingo, akakunja godoro kidogo, akapanda. Alifungua dirisha, akatia mafuta bawaba mpaka likawa linaenda na kurudi bila sauti. Akaja kwenye kishikio. Skrubu ya kwanza ilitoka kirahisi mno. Akaitazama. Kwenye meno yake palikuwa na sabuni.

Wazo la kwanza lilikuwa la biashara: kuna fundi ananiibia. Akatoa skrubu ya pili, akakiinua kishikio. Chini yake palikuwa na kibati cha kopo la kakao, kimekunjwa mara moja badala ya mbili, na kona moja imekatwa kama sikio la mbuzi.

Zilpah alikitia kwenye kiganja. Ukucha wake ulienda wenyewe mahali pake. Akageuza kichwa polepole, akakitazama kile chumba kwa mara ya kwanza, maana mpaka hapo alikuwa ametazama chuma tu. Msumarini nyuma ya mlango ilining'inia sweta ya kijani ambayo kiwiko chake alikishona yeye kwa uzi wa bluu, kwa sababu siku ile uzi wa kijani uliisha.

"Dada Jescah," akaita, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa jinsi ilivyokuwa ya kawaida. "Huyu wifi yako anaitwa nani?"

"Nanjala. Karani wa ushirika." Jescah alikuwa amekuja mpaka mlangoni na ungo wake. "Msichana wa Kakamega. Mama yake ni mfanyabiashara huko, anasemanga ni mkali sana, hata wazee wetu hawajathubutu kwenda. Kwani unamjua?"

Kwa wasio wa upande huu, lazima jambo lisemwe waziwazi. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja hukumbuka kwamba ana shughuli migombani. Chumba anacholala mkwe, mama mkwe hakitupii jicho hata mlango ukiwa wazi. Kukipanda kitanda chake ni jambo lisilokuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kulihitaji. Na huyu alikuwa mkwe ambaye hajatambulishwa, hajaleta hata kuku. Habari ikitoka kwenye nyumba ile, wazee wa Were wangekuwa na neno la kusema mpaka kaburini: mama alikanyaga kitanda kabla ya posa, binti ana mkosi, arudishwe. Nanjala angefukuzwa kwa sababu ya miguu ya mama yake, na asingekanyaga tena nyumbani kwa mama huyo.

Hayo yote Zilpah aliyajua mara moja, jinsi mtu anavyojua maji ni ya moto.

"Ni mtoto wangu," akasema.

Jescah alishuka chini na ungo wake, akaukalia, maharagwe yakamwagika. Alivuta leso kutoka mabegani akajifunika kichwa chote, uso na nywele, akabaki pale sakafuni kama mzigo unaosubiri gari. Hakupiga kelele. Ilikuwa afadhali angepiga. Baadaye ikasikika sauti ndani ya leso ikisema, kwa upole kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Ni mimi nilisema upande."

Na ndipo trekta likaingia uani.

Nyumba ilikuwa na mlango mmoja wa mbele, na njia ya kutoka chumbani ilipita sebuleni. Were alikuwa ameshazima injini. Walimsikia akigonga matope kwenye ngazi, kiatu cha kwanza, kiatu cha pili. Zilpah hakuwa mtu wa kuduwaa, lakini siku hiyo aliduwaa. Alisimama juu ya shuka ya mkwe wake, kishikio mkono mmoja, kibati mkono wa pili, na kitu pekee kilichompitia akilini ni kwamba dirisha hili halina nondo.

Alipita dirishani. Mwanamke mzima, mjane, mshiriki wa meza ya Bwana kanisani, aliutoa mguu, akatoa mwili, akatoa mguu wa pili. Dirisha aliloliandaa yeye mwenyewe lilifunguka kimya kama mlango wa benki. Rinda lilinaswa kwenye pini ya mkono wa dirisha, akalivuta, kipande kikabaki. Akaangukia kwenye kinjia kati ya ukuta na miwa, akakaa hapo ameegemea matofali. Kikapu chake cha vyombo kilikuwa sebuleni. Na raba zake, nyeupe, zimepangwa sawasawa, zilikuwa chini ya kitanda cha Were.

Ndani alisikia mwanamume akiuliza kwa nini maharagwe yako sakafuni. Akasikia hatua zikija mpaka mlango wa chumba, zikisimama.

"Viatu vya nani hivi?"

Halafu sauti ya Jescah, bado ndani ya leso, ikaeleza kwa maneno machache kuliko alivyowahi kutumia maishani. Zilpah alifumba macho. Alisubiri matusi. Kama angekuwa yeye, angetukana.

Kilichokuja ni mkono. Ulitokea dirishani kinyumenyume, kiwiko kwanza, kwa sababu mwenye mkono alikuwa ameupa dirisha mgongo, na vidole viwili vyenye grisi vilikuwa vimeshika raba zake kwa kamba. Ulibaki hewani. Zilpah naye akageuka akatazama miwa, akanyoosha mkono wake nyuma, akapapasa, akazipokea. Hakuna aliyemwona mwenzake.

"Shikamoo, mama," Were akasema akiutazama ukuta wake.

Zilpah hangeweza kujibu. Salamu ya mkwe asiyejulikana, mbele ya nani, chini ya sheria gani? Alisikia hatua zikiondoka, mlango wa mbele, kisha ukimya wa mtu aliyeenda kukaa mbali sana uani mwake.

Alivaa raba. Angeweza kuondoka hapo hapo kupitia katikati ya miwa. Vyombo angevifuata baadaye, au angevisamehe, ingawa kusamehe tupa nzuri hakukuwa tabia yake. Lakini miguu ilikataa. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na alijua makarani wa ushirika huenda kula nyumbani. Alisubiri. Na kweli, kengele ya baiskeli ikalia, na sauti aliyoijua tangu ilipokuwa kilio cha kwanza ikauliza uani kuna nini, mbona watu wamekaa kama matanga.

Nanjala alipoingia chumbani na kuchungulia dirishani, mama yake alikuwa amesimama upande wa pili wa fremu, kidevu chake kikifika kwenye ukingo tu. Wakatazamana kupitia palipopaswa kuwa na kishikio. Binti alikuwa ameshika mdomo. Gauni lake la kazini lilikuwa limelegezwa kiunoni kwa pini, na mama aliyezaa anajua pini ile ni ya nini.

Huo ulikuwa mshtuko mwingine, na Zilpah aliuweka juu ya ile mingine.

"Mama," Nanjala akasema.

"Umekikunja mara moja." Zilpah akaonyesha kile kibati. "Nilikufundisha mara mbili."

Nanjala akaanza kulia. Mama alimwacha alie kiasi, kama unavyomwacha mteja aseme yake yote. Kisha akamuuliza kwa nini. Chumba nyuma ya stesheni, wasichana wawili, matope: hayo yote yalikuwa ya nini? Kama mtu ni mzuri, na nyumba yake inasema ni mzuri, kwa nini afichwe?

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Nimekuona sokoni, mama. Nimekuona unashika kishikio na mtu, unamshika hapo mpaka anatamani kulia. Nikasema siku wazee wa Were wakija, utawashika hivyo hivyo. Utaniuza kama vishikio."

Mafundi wanajua kwamba chuma ukikipiga mahali penye ufa hakilii, kinakaa kimya kwanza. Hakuna mteja aliyewahi kumwambia Zilpah neno lililomfikia pale. Kwa muda alisugua ukucha wake kwenye ile kona iliyokatwa, nyuma na mbele. Alipopata sauti, ilikuwa ile ile ya sokoni, kwa sababu hakuwa na nyingine.

"Sijawahi kumuuzia kishikio mtu ambaye hakuja," akasema. "Hata mlevi hujanga. Anafika, anasimama mbele yangu, anasema anataka. Sasa wewe niambie, mtoto wangu. Wewe uko huku na tumbo. Ni nani amefika kwangu akasema anataka?"

Nanjala akageuza kichwa upande wa uani, ambako Were kwa hakika alikuwa akisikia.

Kazi ilikuwa bado haijaisha, na Zilpah hakuwahi kuacha nyumba katikati. Akaagiza kikapu kiletwe mpaka dirishani. Kwa vile hangeweza kurudi ndani, alimaliza akiwa nje. Aliisukuma fremu kwa bega, akamwelekeza binti skrubu za bawaba zilipolegea, na Nanjala, ambaye macho yake yalikuwa bado yamevimba, akakaza kutoka ndani. Walifanya kazi hivyo, mmoja kila upande wa kioo, wakisema "shika", "achia", "hapo", kama walivyosema miaka yote ya kopo la kakao. Jescah alikuwa ameibuka kwenye leso, akasimama mlangoni akiwaangalia kama mtu anayeangalia moto wa jirani.

Yalipobaki matundu mawili matupu ya kishikio, Nanjala akanyoosha mkono.

Zilpah akakifunga kishikio kwenye kitambaa, pamoja na skrubu zake mbili, akakitia kikapuni.

"Mama, mvua," Nanjala akasema. Mawingu ya alasiri yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa msitu. "Na kesho kutwa wanachoma miwa."

"Nimeona." Kisha akapaza sauti kidogo, akiiambia miwa iliyokuwa mbele yake, lakini kwa kipimo cha kufika uani. "Kishikio cha chumba hiki kiko kwangu Kakamega. Anayekitaka aje nyumbani, si sokoni. Aje na wazee wake. Na kwa kile kitanda aje na kondoo wa utakaso, maana hilo si langu wala lake, ni la mila, na mimi sitaki mjukuu wangu azaliwe katikati ya maneno ya watu."

Akamgeukia Jescah. "Na wewe, mkwe, yaliyotokea humu uliyaona?"

"Mimi nilikuwa napeta maharagwe," Jescah akasema.

Akaondoka kwa njia ya nyuma, raba nyeupe katikati ya miwa.

Mvua ilinyesha usiku ule ikaingia chumbani. Waliikinga kwa gunia. Siku ya pili upepo ulilipiga dirisha mpaka kioo kimoja kikapasuka. Siku ya kuchoma miwa, majivu yaliingia kama nzige, yakalala juu ya shuka, kwenye sweta ya kijani, ndani ya chupa ya mafuta ya nywele. Wanasema Were alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiyatazama, kisha akaenda kuosha trekta. Jumamosi alipeleka wazee Kakamega juu ya trela yake, wamevaa makoti, na kondoo katikati yao, bila kuwaeleza ni wa nini.

Zilpah hakukaa nao. Mahari huzungumzwa na wanaume, na mwanamke aliyewatoa jasho wateja wa wilaya nzima alikaa jikoni akiipua obusuma, yaani ugali, huku shemeji yake Erastus, mtu mpole ambaye hajawahi kununua hata nyanya bila kuzidishiwa bei, akimwakilisha sebuleni. Wageni walikuja wamejiandaa kwa vita. Waliotangulia kusema walitaja ng'ombe wa kuanzia, idadi ya chini, ile inayotajwa ili ikataliwe. Erastus akaja jikoni kuuliza ajibu nini.

Zilpah aligeuza mwiko mara kadhaa. Mkono wake ulijua la kufanya: kukataa, kuuliza habari za mvua, kungoja. Huko nje, chini ya dirisha la jikoni, Nanjala, aliyekuja kwao siku hiyo, alikuwa amesimama ameuinamisha uso, akisikiliza kila kitu.

"Waambie imekubaliwa."

Erastus alidhani amesikia vibaya. Akarudia lile swali. Akajibiwa vilevile. Inasemekana aliporudi sebuleni na neno hilo, mzee mmoja wa upande wa Were alishtuka hata akashuku kwamba binti ana ugonjwa uliofichwa, akataka aulize, mwenzake akamfinya. Kondoo peke yake ndiye aliyekaguliwa. Zilpah alitoka jikoni, akampapasa mgongo, akasema ni mwembamba, akataka mwingine. Akaletewa mwingine.

Kishikio alikitoa mwisho, kwenye kitambaa kile kile, na kibati kipya alichokikata mwenyewe, akamwachia Nanjala kukikunja. Kazi ya madirisha mengine yote alilipwa bei kamili, kwa kuwa ukwe haukuwa umeanza siku aliyoifanya.

Baada ya kondoo kuliwa na aibu kuondolewa kama inavyoondolewa, Zilpah aliruhusiwa kumtembelea binti yake. Huketi sebuleni, kiti kilicho mbali na mlango wa ndani, ambao hufungwa kabla hajafika. Were hupita nje akasalimu kupitia dirishani akiwa ameangalia pembeni, naye hujibu akiwa ameangalia pembeni. Mjukuu hubebwa akaletwa kwake. Madirisha ya sebule huyajaribu kwa macho tu.

Alasiri moja mvua ilianza ghafla akiwa pale, na Nanjala akakimbilia chumbani kufunga. Zilpah, mtoto mapajani, akatega sikio. Dirisha lilivutwa. Kishikio kikashushwa. Kilitoa mlio, na baada ya mlio kikatoa mwingine mdogo, wa chuma kinachocheza.

"Hukukikunja kibati," akasema, bila kugeukia mlango.

Ndani kitanda kikalia.

"Nimekikunja mara moja," sauti ikajibu. "Kinatosha."

Zilpah alimweka mtoto begani. Mvua ilizidi. Akasikia skrubu ya kwanza ikianza kutolewa.